Maria Montessori: Daktari aliyewaondoa watoto madawatini

KWA miaka mingi, mwalimu aliyesifiwa ni yule ambaye darasa lake lilikuwa kimya kama kaburi. Watoto walikaa wamebanana madawatini, mikono mezani, macho ubaoni, na yeyote aliyethubutu kujitikisa alikiona cha mtema kuni.

Mwanamke aliyeutia shaka utaratibu huo, kisha akauvunja mbele ya macho ya ulimwengu, hakuwa mwalimu kwa taaluma. Alikuwa daktari. Maria Montessori aliingia katika masuala ya elimu kupitia mlango wa hospitali, na yamkini hiyo ndiyo sababu alipomtazama mtoto hakuona akili peke yake iliyowekwa juu ya kiti. Aliona pia mifupa, misuli na mikono inayotafuta kazi.

Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, mkoani Ancona, Italia. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali aliyehusika na sekta ya tumbaku, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa dola. Mamake, Renilde Stoppani, alikuwa mpenda vitabu katika enzi ambapo wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma wala kuandika. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Familia ilihamia Florence mnamo 1873, na miaka miwili baadaye ikafanya makao Roma.

Akiwa na umri wa miaka 13, binti huyo alijiunga na shule ya ufundi, mahali ambapo wasichana walihesabika kwa vidole. Alipenda hisabati na akataka kuwa mhandisi. Babake alitamani awe mwalimu, kazi iliyoaminiwa kumfaa mwanamke, lakini Maria hakutaka hata kuisikia. Kinaya ni kwamba dunia ilikuja kumkumbuka kwa kazi iyo hiyo aliyoikataa.

Uhandisi nao aliuacha, akageukia udaktari. Baada ya kusomea sayansi asilia katika Chuo Kikuu cha Roma, alikubaliwa kuingia kitivo cha tiba mnamo 1893. Haikuwa safari ya lelemama. Ilionekana aibu kwa mwanamke kupasua maiti uchi mbele ya wanafunzi wanaume, kwa hivyo alilazimika kufanya kazi hiyo peke yake baada ya wenzake kuondoka, yeye na wafu katika chumba kimoja.

Alihitimu Julai 1896. Mara nyingi huandikwa kwamba yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuwa daktari nchini Italia. Si kweli, kwani Ernestina Paper alikuwa amehitimu huko Florence tangu 1877. Ila walikuwa wachache mno, na mwaka huo huo wa 1896 Montessori alipelekwa Berlin kuiwakilisha Italia katika kongamano la kimataifa la wanawake, ambako alitetea haki ya wanawake kulipwa ujira sawa na wanaume kwa kazi sawa.

Aliporejea alianza kufanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Sehemu ya majukumu yake ilikuwa kuzuru hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma, ambako watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima kwa sababu hakuna aliyejua pengine pa kuwaweka.

Inasimuliwa kwamba katika mojawapo ya hospitali hizo, mlezi mmoja aliwasema watoto hao kwa dharau, kwamba kila wamalizapo kula hujitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Montessori alitazama chumba kile. Hakikuwa na kitu chochote kile isipokuwa kuta na vitanda. Alitambua kwamba watoto wale hawakuwa na njaa ya chakula. Makombo yalikuwa ndiyo vitu pekee ambavyo vidole vyao vingeweza kushika, kugeuza na kuchezea. Mikono ilikuwa na njaa.

Hapo ndipo alipowageukia madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia. Wa kwanza alikuwa Jean Itard, aliyejaribu kumfunza mvulana aliyepatikana akiishi porini katika eneo la Aveyron. Wa pili, Édouard Séguin, alikuwa mwanafunzi wa Itard. Séguin aliamini kwamba akili iliyolala huweza kuamshwa kupitia mwili: misuli ifunzwe kwanza, halafu hisi, na fikra zitafuata. Montessori aliyatafsiri maandishi ya wawili hao kwa Kiitaliano na kuyanakili kwa mkono, neno baada ya neno, ili apate muda wa kuyapima.

Kisa kimoja cha miaka hiyo kinaeleza mengi. Kulikuwa na msichana mwenye ulemavu wa akili, mwenye umri wa miaka 11, aliyeshindwa kabisa kujifunza kushona ingawa mikono yake ilikuwa na nguvu. Montessori aliacha kumfundisha sindano. Badala yake alimpa kazi ya kusuka vijikeka vya karatasi, kazi ambayo utepe hupita juu na chini ya nyuzi nyingine. Msichana alipozoea, alirudishiwa sindano na uzi, naye akashona. Daktari akapata funzo ambalo alilitumia maisha yake yote, kwamba mwendo wa mkono unaweza kutayarishwa kando, kabla ya kazi yenyewe, ili siku ya kazi mkono uwe tayari unajua njia.

Mnamo 1900 alifanywa mkurugenzi mwenza wa taasisi mpya mjini Roma iliyowafunza walimu wa watoto wenye ulemavu. Baadhi ya watoto waliosemekana kuwa hawafundishiki walifanya mtihani wa shule za umma wakapita. Watu walishangilia. Yeye alibaki na swali gumu zaidi: ikiwa watoto wale waliweza kufikia kiwango cha wenzao, je, shule za kawaida zilikuwa zikiwafanya nini watoto wenye afya tele?

Mkurugenzi mwenzake alikuwa Dkt Giuseppe Montesano. Kulikuwa na siri kati yao. Machi 31, 1898 Maria alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Katika Italia ya wakati huo, habari hiyo ingetosha kumzika kitaaluma. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia moja mashambani, na mamake akawa anamtembelea kama mgeni. Mnamo 1901 Montesano alimwoa mwanamke mwingine. Montessori aliiacha taasisi mwaka huo, akarudi chuo kikuu kusomea falsafa na anthropolojia.

Hivyo basi mwanamke ambaye angekuja kuwafunza mamilioni ya wazazi jinsi ya kumwelewa mtoto, hakumwona mwanawe akijifunza kutembea. Wanaomsifu huipita haraka sehemu hii ya maisha yake. Wanaomponda nao huishikilia kana kwamba hakufanya lingine. Pengine ni haki kusema tu kwamba alilipa gharama ambayo mwanamume aliyezaa naye hakutakiwa kulipa.

Utafiti wake wa anthropolojia ulimpeleka madarasani kuwapima wanafunzi. Alichokiona kilimkera. Wataalamu wa zama hizo walijivunia dawati la kisasa, lililokadiriwa kwa vipimo ili mtoto asipinde uti wa mgongo. Kiti kilikuwa chembamba, meza imemkaribia kifuani, na mahali pa kuweka miguu pamepangwa, kiasi kwamba mtoto hangeweza kusimama wala kugeuka. Kama daktari, Montessori aliona ajabu. Ikiwa kukaa kutwa nzima kunaupinda mgongo wa mtoto, dawa ni kumwinua mtoto, wala si kutafuta kiti kitakachomfunga vizuri zaidi. Aliwafananisha wanafunzi hao na vipepeo waliotobolewa kwa pini na kubandikwa mahali pamoja, wakiwa na mabawa yasiyo na kazi tena.

Fursa ya kujaribu njia nyingine ilitokea San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma. Majumba yake yalikuwa yamejengwa kwa pupa na mengine kuachwa nusu nusu. Kampuni ya nyumba iliyoongozwa na mhandisi Edoardo Talamo iliyakarabati na kuwapangisha wafanyakazi. Tatizo likazuka: wazazi walipokwenda vibaruani asubuhi, watoto wadogo wasiofikia umri wa shule walibaki wakirandaranda ngazini na kuchafua kuta. Talamo alipiga hesabu, akaona kwamba ni nafuu kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja na kumlipa mtu wa kuwaangalia kuliko kupaka rangi kila mara. Aliyeombwa kusimamia alikuwa Dkt Montessori.

Januari 6, 1907, katika nyumba nambari 58 ya barabara ya Via dei Marsi, ilifunguliwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto. Walikuwa takriban 50, wa umri wa kati ya miaka miwili na sita hivi, waoga, wengine wakilia. Mlezi wao wa kwanza hakuwa mwalimu aliyehitimu, na hilo Montessori alilifurahia, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusahaulishwa.

Jambo la kwanza lilikuwa samani. Badala ya madawati aliagiza meza ndogo na viti vyepesi ambavyo mtoto wa miaka minne angeweza kuvibeba mwenyewe. Sinki za kunawia ziliwekwa chini, kabati zikawa fupi. Wakaguzi waliuliza, je, viti vikiwa vyepesi hivyo, watoto hawataviangusha kwa kelele? Alikubali kwamba wataviangusha. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa faida. Kiti kizito kilichopigiliwa sakafuni humficha mtoto asiyejua kutembea vizuri, lakini kiti chepesi humfichua, na mtoto husikia mwenyewe kelele aliyoifanya, akarekebisha hatua yake bila kukaripiwa na mtu.

Kisha zikaja kazi za nyumbani. Watoto walifagia, walipangusa vumbi, walinawa mikono, walifunga na kufungua vifungo vilivyoshonwa kwenye vitambaa maalumu, waliandaa meza na kugawa supu. Wageni wengi waliokuja San Lorenzo walidhani hayo ni maandalizi ya kuwa watumishi. Wengine hadi leo hufikiri ni njia ya kumpunguzia mwalimu kazi. Montessori alikusudia jambo tofauti. Mtoto anayebeba bakuli la supu bila kumwaga anaunganisha jicho, mkono, mguu na nia kwa wakati mmoja. Hakuna zoezi la viungo la kuhesabu moja-mbili, moja-mbili linaloweza kumfunza hivyo, kwa maana zoezi la namna hiyo hutii sauti ya mwalimu, ilhali bakuli hutii azma ya mtoto mwenyewe.

Siku moja alimwona msichana wa takriban miaka mitatu akicheza na vipande vya mbao vya umbo la mche duara, kila kimoja na tundu lake. Alivitoa, akavichanganya, akavirudisha, kisha akaanza upya. Montessori aliwaambia wengine waimbe na kuzunguka chumbani. Msichana hakugutuka. Akambeba pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza; mtoto alivikumbatia vipande vyake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, halafu akaacha, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu. Yule mtoto ambaye kila mtu alisema hawezi kutulizana alikuwa ametulizana kwa sababu mkono wake ulipata kazi iliyoifaa akili yake.

Kutokana na tukio hilo na mengine mengi ya aina hiyo, alijenga hoja iliyokuwa kiini cha kazi yake. Shule ilikuwa imezoea kuitenga misuli na akili: saa za darasa ni za akili, saa ya mchezo ni ya mwili. Yeye aliona mgawanyo huo ni kosa. Kutembea, kushika na kuinua si mapumziko kutoka katika kujifunza. Katika miaka ya mwanzo ya uhai, ndiyo kujifunza kwenyewe, na mkono ndio chombo ambacho akili hukitumia kuujua ulimwengu.

Wala hakudharau mazoezi ya viungo. Jicho lake la kidaktari liligundua kwamba mtoto mdogo ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi ikilinganishwa na ya mtu mzima, na ndiyo maana hupenda kutambaa, kulala chali na kujitupa chini. Kumsimamisha kwa saa nyingi ni kumtesa. Aliwaona watoto wakishika ua kwa mikono na kutembea kando kando huku wamekunja miguu ili uzito uwe mabegani. Hakuwafukuza. Aliamuru watengenezewe ua mfupi wa aina hiyo wapate kufanya zoezi ambalo walikuwa wamejivumbulia wenyewe. Zaidi ya hayo alitumia ngazi za kamba, na bembea yenye kiti kipana ambamo mtoto alinyoosha miguu akasukuma ukuta.

Vile vile, aliona kwamba watoto hupenda kutembea juu ya kingo za barabara na vyuma vya reli. Akachora mstari wa duaradufu sakafuni, nao wakaanza kuufuata kwa wayo, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Baadaye walibeba gilasi ya maji yaliyotiwa rangi, au kengele ambayo haikutakiwa kulia. Mtu asiyejua angedhani ni mchezo wa sarakasi. Lakini mtoto aliyeumaliza mzunguko huo bila kengele kulia alikuwa ameutawala mwili wake, na furaha iliyokuwa usoni mwake haikuhitaji tuzo.

Zoezi la kimya ndilo lililowashangaza wageni zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu Montessori, wakidhani alihubiri fujo. Siku moja aliingia darasani na mtoto mchanga wa miezi minne aliyempokea kwa mamake uani. Akawaonyesha watoto jinsi kichanga kile kilivyotulia, hata pumzi yake haisikiki, akawachokoza kwamba hakuna miongoni mwao awezaye kutulia hivyo. Watoto wakajaribu. Miguu ikakoma, mikono ikakoma, na chumba kikawa kimya hadi sauti ya saa ikasikika. Kimya hicho hakikutokana na hofu ya kiboko. Kwa Montessori, kutotembea lilikuwa tendo la juu kabisa la misuli, ambalo hawezi kulitenda ila yule aliyekwisha kujifunza kutembea.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Daktari huyu hakuwa na hamu ya kumkunja samaki. Aliyatengeneza maji, akatazama samaki anavyoogelea.

Matokeo yaliyovuma kuliko yote yalihusu kuandika. Hakuwa amepanga kufundisha herufi kwa watoto wadogo namna hiyo, lakini akina mama wa San Lorenzo, wengi wao wasiojua kusoma, ndio waliomsihi. Alirejelea funzo la yule msichana wa sindano. Akakata herufi za karatasi ya msasa, akazibandika kwenye kadi, na watoto wakawa wanazipitishia vidole huku wakitamka sauti zake. Kando na hayo walijaza michoro kwa penseli ili mkono uzoee kushika kalamu, na wakapanga maneno kwa herufi zilizokatwa. Hakuna aliyeambiwa aandike.

Kisha siku moja, juani kwenye roshani ya paa, mvulana mmoja aliyepewa chaki ili achore dohani ghafla aliandika neno. Akashtuka, akapiga kelele za furaha, akaandika jingine. Wenzake wakaomba chaki. Kwa siku kadhaa watoto waliandika sakafuni, milangoni, hata kwenye mikate nyumbani kwao. Kufikia Krismasi, mwezi mmoja na nusu tangu jaribio lianze, wawili kati ya watoto wa miaka minne walimwandikia Talamo barua ya heri na shukrani kwa niaba ya wenzao. Mkono ulikuwa umefika kabla ya somo.

Habari zilisambaa kama moto wa nyikani. Nyumba ya pili ilifunguliwa San Lorenzo miezi mitatu baada ya ile ya kwanza, nyingine ikafunguliwa Milan mnamo 1908. Kitabu alichokichapisha 1909 kuhusu njia yake kilitafsiriwa kwa Kiingereza 1912 na kuuzwa sana Marekani. Aliacha kazi ya udaktari na uhadhiri ili aishi kwa kufunza walimu. Desemba 1913 alihutubia umati katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na mnamo 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, liliwekwa darasa lenye kuta za kioo ili watu wawaone watoto wakifanya kazi bila kuamrishwa.

Katika safari ya 1915 aliandamana na kijana aliyemtambulisha kama mpwa wake au mtoto wa kupanga. Alikuwa Mario. Mamake Maria, Renilde, alikuwa amefariki Desemba 1912, na miezi michache baadaye kijana huyo wa miaka takriban 15 alichukuliwa kuishi na mamake mzazi. 

Si wote walioshawishika. William Kilpatrick, msomi mashuhuri wa elimu huko New York, alichapisha kitabu mnamo 1914 akidai kwamba nadharia za Montessori zilikuwa zimepitwa na wakati kwa takriban miaka 50. Wafuasi wa Mjerumani Friedrich Froebel, mwasisi wa chekechea, nao walilalamika kwamba hakuacha nafasi ya kutosha ya mchezo wa kujifanya na hadithi za kubuni. Lalama hiyo ina uzito. Katika chumba cha Montessori, mtoto aliyegeuza vipande vya mbao kuwa gari-moshi alielekezwa kuvitumia kwa kazi iliyokusudiwa, na wazazi wengi huliona hilo kuwa ukali usiolingana na uhuru unaotangazwa. Marekani ilimsahau kwa miongo kadhaa.

Nyumbani Italia, Benito Mussolini alimkumbatia. Kuanzia 1924 serikali yake ilizisaidia shule za Montessori, naye aliukubali msaada huo. Yamkini aliamini kwamba mradi wa watoto unaweza kusimama juu ya siasa. Ndoa hiyo haingedumu. Dikteta alitaka watoto wa kupiga gwaride kwa mpangilio mmoja, huku shule za Montessori zikimfunza kila mtoto achague hatua yake. Kufikia 1934 walikuwa wamekosana na shule zikafungwa. Wanazi walizifunga za Ujerumani vilevile. Mnamo 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimfurusha Barcelona, alikokuwa ameishi kwa miaka mingi, akakimbilia Uingereza kisha Uholanzi.

Mwaka 1939, akikaribia umri wa miaka 70, alikwenda India kwa mwaliko wa jumuiya ya Theosophical Society huko Adyar, Madras, kufunza walimu. Zaidi ya 300 walijitokeza katika kozi ya kwanza. Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Waingereza waliotawala India wakamhesabu kuwa raia wa adui. Yeye alizuiliwa asitoke nje ya makao hayo na Mario akapelekwa kambini. Siku ya kuzaliwa kwake, Agosti 31, 1940, serikali ya kikoloni ilimwachilia Mario kama zawadi kwa mamake. Ujumbe huo ulimtaja kuwa mwanawe. Siri ya miaka 42 ilitoboka kwa kalamu ya mtawala.

Walibaki India hadi 1946, wakafunza zaidi ya walimu 1,000. Humo ndimo yalimozaliwa mengi yaliyomo katika kitabu chake The Absorbent Mind cha 1949, ambacho kinashikilia kwamba akili na mwendo ni sehemu mbili za kitu kimoja. Alisifu desturi ya akina mama wanaombeba mtoto kila waendako, sokoni na kazini, kwa sababu hivyo mtoto huiona dunia nzima badala ya dari ya chumba. Kwa wasomaji waliokulia kwenye mbeleko, hilo halikuwa jipya. Alishikilia pia kwamba mtoto wa miaka miwili anaweza kutembea maili moja au mbili, mradi mtu mzima aende kwa mwendo wa mtoto na asimame kila mtoto anapoona chungu au jiwe.

Katika miaka ya karibuni sayansi imeyarejelea mawazo yake. Utafiti wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest, uliochapishwa katika jarida la Science mnamo 2006, ulilinganisha watoto wa mjini Milwaukee, Marekani, waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa bahati nasibu na waliokosa. Wenye umri wa miaka mitano waliopata nafasi walifanya vyema zaidi katika kusoma na hesabu, na pia katika kujitawala.

Humu nchini, jina Montessori limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za chekechea. Jina hilo halina mlinzi, na yeyote anaweza kulipaka langoni hata kama ndani watoto wamepangwa kwa safu wakiimba alfabeti. Lakini wapo pia waliolichukua kwa dhati, ikiwemo miradi ya Nakuru ya Corner of Hope, iliyoanzia miongoni mwa familia zilizofurushwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007.

Montessori alipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo 1949, 1950 na 1951, na mara zote akaikosa. Mei 6, 1952, katika mji wa pwani wa Noordwijk aan Zee, Uholanzi, alikuwa akizungumza na Mario kuhusu safari nyingine. Alitaka kwenda Afrika, katika nchi ambayo leo ni Ghana, kufunza walimu. Mario aliona kwamba, kwa umri wake wa miaka 81, safari hiyo ingemwelemea. Alitoka kidogo, na aliporudi alimkuta amefariki. Alizikwa papo hapo Noordwijk, naye Mario akaendelea kukiongoza chama cha kimataifa walichokianzisha pamoja mnamo 1929, hadi yeye pia alipoaga dunia mwaka 1982.